Chakula cha melini kimekwisha kulipiwa, lakini roho yangu iko kisiwani

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka mingi sasa ninaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wangu, watoto wetu, na mama mkwe wangu ambaye ni mtu wa Tanga. Katika wiki ya kwanza ya Agosti tutasafiri sote sita kwa meli ya kitalii kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kwa siku tano na usiku nne. Ratiba tuliyopewa inasema kwamba siku ya kwanza tutafika Mykonos saa 12 jioni na kuondoka saa 5 usiku; siku ya pili asubuhi tutakuwa Uturuki na alasiri Patmos; siku ya tatu tutashinda Rhodes, tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni; na siku ya nne tutaamkia Heraklion, kisiwani Krete, hadi saa 6 mchana, kisha tutafika Santorini saa 10 na nusu jioni na kuondoka saa 3 na nusu usiku.

Ugomvi uliopo nyumbani ni wa chakula. Nauli tuliyolipa imejumuisha milo yote ya melini, na kwa sababu hiyo mume wangu ameweka sheria kwamba hakuna senti itakayotoka mfukoni kwa ajili ya kula nchi kavu. Mimi nimelelewa jikoni kwa bibi yangu, Mji wa Kale, na sioni maana ya kwenda hadi visiwani kwa watu, kisha nikarudi melini kula tambi na kuku wa kuchoma ambao ningewapata hapa hapa Leicester. Nilipomwambia hivyo alinijibu, tena mbele ya watoto, kwamba mimi sitaki kula chakula, nataka kula picha, maana kila sahani lazima niipige picha kwanza.

Haki yake niiseme. Mwaka jana tulifanya safari kama hii, na katika kisiwa kimoja tuliingia mkahawa wa ufukweni tukaagiza samaki wawili wa kuchoma. Menyu ilionyesha 70, nami nikadhani ni yuro 70 kwa samaki wote wawili, nikaona ni ghali lakini kwa mara moja si neno. Bili ilipokuja ilikuwa yuro 164, na kati ya hizo 119 zilikuwa za samaki peke yao, kwa sababu 70 ile ilikuwa bei ya kilo na samaki wetu walitimiza kilo 1.7. Neno la kilo lilikuwepo, ni kweli, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Tulitozwa pia mkate ambao hatukuuagiza. Mume wangu alilipa bila kusema lolote, na ukimya ule unarudi kila ninapotaja samaki.

Mama mkwe wangu naye ana yake. Baba yake alikuwa karani katika shamba la mkonge la Mgiriki huko Tanga, na kwa hiyo husema Wagiriki anawajua, wanaweka nguruwe na mvinyo katika kila chungu, na kwamba yeye atakula mkate, matunda na chai melini hadi safari iishe. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 9, ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha damu, na daktari alitukataza kabisa kumpa ful, yale maharage mapana ya kijani, kwa kuwa humvunjia chembe nyekundu za damu. Sasa kila ninaposoma juu ya chakula cha Santorini nakuta wanasifu kitu kinachoitwa fava, jina ambalo linanitia baridi. Wa kwanza ana miaka 13 na wa mwisho 6, na hao wote wawili dini yao ni chipsi.

Je, niliache jambo hili tule melini kwa amani? Au iko njia ya kuonja chakula cha visiwa hivyo bila kumletea mume wangu bili nyingine, bila kumtia mama mkwe mashakani, na bila kumhatarisha mwanangu? Na tukishuka, tule bandari ipi?

Mama wa Watatu, Leicester

Mama wa Watatu,

Marahaba, mwanangu. Niliishi Piraeus miaka mitatu, enzi ambazo mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, kwa hiyo barua yako nimeisoma huku nikisikia harufu ya pweza wa mkaa. Jibu langu ni kwamba mshuke mkale, lakini si katika kila bandari, na samaki asichaguliwe na wewe.

Nianze na mumeo, kwa sababu bila yeye hakuna kitakacholika. Anaposema chakula cha melini kimekwisha kulipiwa anasema kweli, ila fedha hiyo haitarudi hata mkilala na njaa, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kula wala ya kutokula. Swali lililobaki ni kama fedha mpya mtakayoitoa nchi kavu itawapa kitu ambacho meli haiwezi kuwapa. Hilo nadhani analijua. Kinachomuuma si chakula, ni kuletewa yuro 164 mbele ya familia yake akiwa hana la kufanya, na mwanamume aliyewahi kupatwa na hilo hutafuta kanuni ya kujifichia. Usiende kwake na hoja za utamaduni. Nenda na tarakimu: mwombe yuro 150 za safari nzima, taslimu, katika bahasha moja itakayokaa mfukoni mwake yeye, na mkubaliane kwamba zikiisha zimeisha. Mtu ambaye amejua mwisho wa matumizi kabla ya kuketi hula kwa utulivu, na huenda akawa wa kwanza kuagiza sahani ya pili ya pweza.

Kuhusu samaki wenu wa mwaka jana, nitakukosoa kidogo. Katika Ugiriki samaki mzima wa siku ile huuzwa kwa uzito, na mila hiyo peke yake si wizi. Utaratibu wake ni kwamba mteja huinuka, akapelekwa kwenye barafu au kwenye droo la samaki, akachagua kwa jicho lake, samaki akawekwa kwenye mizani mbele yake, akatajiwa bei, na hapo ndipo samaki anapokwenda motoni. Anayebaki kitini na kuagiza kwa kidole kwenye menyu amejinyima hatua zote hizo, na mwenye mkahawa asiye mwema hatamkumbusha. Tazama pia alama ya nyota au herufi κατ. mbele ya jina la chakula: maana yake ni kwamba kitu hicho kilikuwa kimegandishwa, nacho hakistahili bei ya samaki wa asubuhi. Mkate ukiletwa na hamuutaki, rudisheni kikapu kabla ya mkono wa mtoto haujafika, kwa sababu ukishaguswa umenunuliwa. Mwisho, daini risiti. Katika mikahawa ya Ugiriki utaona tangazo linalosema kwamba mteja halazimiki kulipa iwapo hakupewa risiti halali, na tangazo hilo lina nguvu ya sheria.

Sasa, wapi. Mlo wa kuketi na kutulia uwe mmoja tu, nao uwe wa Rhodes, kwa sababu hiyo ndiyo bandari pekee mtakayoipata kutwa nzima, na meli hufunga karibu kabisa na kuta za mji mkongwe. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1988 na hujaa watu. Mkifika kwenye uwanja wa Hippocrates mtawakuta wapiga debe wa mikahawa wameshika menyu zenye picha, wakiwaita kwa kila lugha wanayodhani ni yenu. Wapungieni mkono mpite. Endeleeni ndani ya vichochoro vya mawe hadi mtakapofika mahali ambapo menyu haina picha na wenyeji wawili watatu wanakula polepole bila kumtazama mtu. Wagiriki huchelewa kula chakula cha mchana, wengi wao kuanzia saa 8, kwa hiyo nyinyi ketini saa 7 na nusu, jiko likiwa limeiva lakini halijaelemewa. Saa 10 mtakuwa mmemaliza, na itabaki nafasi ya kutosha kurudi melini bila kukimbizana.

Msiagize kila mtu sahani yake. Hapa ndipo watu wa pwani wanapofanana na Wagiriki kuliko wanavyodhani, kwa maana nao hupakua katikati ya meza, kila mkono ukachota, kama sisi tunavyozunguka sinia. Kwa watu sita anzeni na sahani tano, kisha ongezeni ikibidi. Iwepo pitaroudia, ambazo ni chakula cha Rhodes hasa: dengu zilizopondwa na vitunguu, nyanya na nanaa, zikakaangwa. Mama mkwe wako akizitia mdomoni atasema ni bajia, na swali lake la pili litakuwa pilipili iko wapi. Iwepo sahani ya kamba wadogo wa kisiwa jirani cha Symi, ambao hukaangwa wazimawazima na huliwa na maganda yao, wakakatika mdomoni kama dagaa mkavu. Wapo pia dagaa wao, gavros na marida, ambao kwa kawaida huuzwa kwa sahani, si kwa kilo. Agizeni horta, mboga za mwituni zilizochemshwa zikakamuliwa limau na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Aliyekula mchunga atautambua uchungu wake. Na agizeni bamia. Usihangaike na kamusi, maana wao huziita bamies.

Jambo hilo la majina mweleze mama mkwe kabla hamjasafiri, wakati wa chai, bila kumshindania. Pilau yetu kwao ni pilafi, halua ni halvas, simsim ni sousami, kahawa ni kafes. Maneno hayo yalizunguka kwa wafanyabiashara na watawala wa Kituruki, wa Kiajemi na wa Kiarabu, yakaingia jikoni kwao na jikoni kwetu kila moja kwa mlango wake. Karani wa mkonge huenda hakuwahi kualikwa mezani kwa tajiri wake, na binti yake amebaki na chakula cha Mgiriki kilichoonekana kwa mbali, kupitia dirishani.

Lakini mashaka yake yana msingi, wala usimwambie anazidisha. Souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuzungushwa motoni na kukatwa vipande) za mitaani mara nyingi ni za nguruwe, vinofu vya nyama ya kusaga viitwavyo keftedes vinaweza kuchanganya ng'ombe na nguruwe, na pweza hupikwa wakati mwingine ndani ya mvinyo, akaitwa krasato. Nyama halali si rahisi kuipata katika visiwa hivyo, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba nyama muiache kabisa kwa siku zote tano. Hamtapungukiwa, kwa kuwa bahari na bustani vinatosha. Jifunzeni maneno mawili: choris chirino, bila nguruwe, na choris krasi, bila mvinyo. Ile ch itamkeni kama kh ya Kiarabu, na watoto wenu wa madrasa watawashinda watalii wote kwa matamshi. Kuhusu siki, ambayo kwao hutokana na zabibu na hunyunyizwa juu ya pweza wa mkaa, hilo nalimwachia mama aliamue mwenyewe. Anaweza kuomba limau badala yake na hakuna atakayeshangaa.

Mna bahati nyingine ambayo pengine hamkuipangia. Kuanzia tarehe 1 hadi 14 Agosti Waorthodoksi hufunga kabla ya sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15, na katika mfungo huo wanaofuata kanuni huacha nyama, maziwa na mayai, ingawa pweza, ngisi na kamba huruhusiwa. Si kila mtu hufunga siku hizi, na mikahawa ya watalii hupika kila kitu, lakini neno nistisimo, yaani cha kufunga, linaeleweka kila mahali. Ukiuliza kama chakula fulani ni nistisimo na ukajibiwa ndiyo, umeshajua kwamba hakina nyama ya aina yoyote wala mchuzi wa mifupa. Mvinyo bado unaweza kuwamo, kwa hiyo swali la krasi lisisahauliwe. Majani ya mzabibu yaliyofungwa wali bila nyama huitwa yalantzi, neno la Kituruki lenye maana ya mwongo, kwa sababu yanajifanya yana nyama. Mama mkwe akisikia asili ya jina hilo nadhani atayala kwa kisirani tu.

Mwishoni mwa mlo mhudumu anaweza kuleta bila malipo vikombe vidogo vya pombe kali, ambayo Rhodes huiita souma na Krete raki au tsikoudia. Ni ukarimu, si mtego. Wekeni mkono kifuani, mshukuru, na ombeni tunda. Atavirudisha vikombe bila kununa.

Kuhusu mtoto wa miaka 9 nitakwenda taratibu, kwa sababu hapa jina linadanganya. Fava ya Santorini haitokani na ful. Inatokana na mmea mwingine wa jamii ya kunde, Lathyrus clymenum, ambao mbegu zake zimepatikana katika magofu ya Akrotiri, mji wa kisiwa hicho hicho uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Hupikwa ikapondwa ikawa rojo la njano, mfano wa adesi iliyosagika, na juu yake hutiwa vitunguu na mafuta. Ful kwa Kigiriki huitwa koukia, na hilo ndilo neno la kuogopa: huko Krete huliwa hata mabichi pembeni ya kinywaji, huchanganywa na mboga nyingine kama artichoki, na wapo wanaoyaponda yakafanana kabisa na fava kwa sura. Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, kabla ya safari mpelekee daktari wake jina hilo la Lathyrus clymenum kwa maandishi, asikie kwako na si kwangu, na aseme kama mtoto anaweza kuonja. Akisita, mtoto asionje, na hakuna kitakachoharibika. Pili, mwandikieni mtoto kikaratasi chenye neno κουκιά, akae nacho mwenyewe mfukoni na akionyeshe kila mahali mtakapoketi, melini pia, kwa maana mpishi wa melini naye ni mpishi. Mtoto wa miaka tisa anaweza kulinda damu yake akipewa kazi hiyo kwa heshima.

Heraklion mtakuwepo asubuhi tu, na kwa kula asubuhi hakuna mji unaoushinda. Melini msile kitu asubuhi hiyo zaidi ya chai. Nendeni hadi kwenye uwanja wenye chemchemi ya simba, iliyojengwa na Morosini, gavana wa Kivenisi, mwaka 1628, na hapo mtakuta bougatsa ikikatwa: manda nyembamba kuliko za sambusa, zimefungwa juu ya krimu ya moto au jibini laini la mizithra, zikaokwa, zikakatwa vipande kwa kisu kipana na kunyunyiziwa sukari ya unga na mdalasini. Ilienezwa na wakimbizi waliotoka Asia Ndogo baada ya Wagiriki kushindwa vita na Waturuki mwaka 1922. Sahani tatu zinawatosha watu sita, bei yake haitamshtua mtu, na hao watoto wa dini ya chipsi wataritadi papo hapo. Saa 4 hivi, kabla ya kurudi, pitieni mtaa wa soko uitwao 1866 mkanunue paximadi, mkate wa shayiri uliokaushwa mara mbili hadi ukawa mgumu kama kifuu. Wakrete huunyunyizia maji, wakaukwangulia nyanya, jibini na mafuta ya zeituni wakauita dakos. Mtaula Leicester majira ya baridi, mkiipata nyanya yenye ladha, jambo ambalo huko kwenu nalitilia shaka.

Na hapo kwenye jibini niseme neno, kwa kuwa umesema unataka chakula cha mahali. Kila menyu ya kila kisiwa itakupa feta, lakini kwa sheria ya Ulaya, tangu 2002, jina hilo ni la jibini la maeneo ya bara ya Ugiriki pamoja na kisiwa cha Lesbos tu. Hakuna hata kimoja kati ya visiwa vyenu kinachoitengeneza. Ukitaka jibini la wenyeji, Krete uliza mizithra au graviera, Mykonos uliza kopanisti, ambalo huwasha ulimi kama limetiwa pilipili ilhali halina, na Santorini uliza chloro.

Santorini ndiko wengi wanakoharibu bajeti, na sitaki muwe miongoni mwao. Meli haifungi gatini; hutia nanga katikati ya maji yaliyojaa shimo kubwa la volkano, mkashushwa kwa mashua hadi chini ya jabali, kisha mkapanda hadi mji wa Fira kwa gari linaloning'inia kwenye waya au kwa ngazi zinazokaribia 600. Kwa mama mkwe ngazi msizifikirie kabisa. Foleni ya gari la waya katika Agosti inaweza kuwala muda mrefu wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka, kwa hiyo saa zenu tano si tano. Meza zote zinazotazama machweo zinauza machweo, na chakula huja kama kisingizio. Tazameni jua likielekea kuzama mkiwa mmesimama, bure, kisha ingieni mtaa wa nyuma usioona bahari, mwagize sahani mbili za kugawana: tomatokeftedes, vijibajia vya nyanya ndogo za kisiwa hicho zenye ngozi nene, na bilingani nyeupe ya kuchoma, ambayo haina ule uchungu wa bilingani nyeusi. Mvua huko ni haba, na mazao hayo hukua kwa unyevu wa ukungu wa usiku unaonaswa na udongo wa volkano, ndiyo maana ladha yake imekolea hivyo. Fava ni kwa yule aliyeruhusiwa. Maji nunueni ya chupa, siyo ya bomba. Mkikuta foleni imezidi, rudini mle melini, wala usinune. Siku hiyo asubuhi mlikwisha kula bougatsa.

Mykonos msile. Mtafika jioni, watoto watakuwa wamechoka na safari ya kutoka Uingereza, na kisiwa hicho ni ghali kwa namna ambayo bahasha yenu haitaimudu. Sifa yake kubwa ya nyama ni louza, nayo ni nguruwe. Patmos pandeni hadi pango ambamo Wakristo huamini Yohana alipata Ufunuo, au mkae gatini na aiskrimu. Na mtoto wa miaka 6 akitaka chipsi huko Rhodes mpe chipsi, kwa maana katika mikahawa mingi ya kawaida ni viazi vya kukatwa kwa mkono, vikakaangwa vizuri na kunyunyiziwa oregano, na mtoto anayekula kitu anachokipenda ataonja pitaroudia moja bila kulazimishwa. Njiani mkirudi melini mnunulieni melekouni, vipande vya ufuta na asali ambavyo watu wa Rhodes huvigawa arusini. Ni kashata za ufuta zilizotiwa viungo na ganda la chungwa. Zikiwa zimefungwa na muuzaji, meli nyingi hazizuii kuingia nazo, tofauti na chakula kilichopikwa.

Sasa nirudi kwa yule samaki, kwa sababu nilikwambia asichaguliwe na wewe. Siku ya Rhodes, mtakapokwisha kuketi, mwambie mama mkwe wako kwamba unaomba akusaidie, kwa kuwa mwaka jana wewe ulishindwa. Mtu wa Tanga hahitaji Kigiriki mbele ya samaki. Ataingia hadi kwenye barafu, ataangalia jicho kama limevimba au limezama, ataufunua ufa wa shavu aone wekundu, atambonyeza kwa kidole gumba, na kama kuna pweza ametundikwa kwenye kamba juani nje ya mlango atamwona kabla yako na kujua kama alipigwa kwenye mwamba vya kutosha, maana wavuvi wa kule humpiga kama wa kwetu wanavyompiga, ili alainike. Aseme yeye ni samaki yupi, aone anavyowekwa kwenye mizani, na mumeo asimame kando yake na bahasha, bei itajwe kwa sauti mbele ya wote wawili. Samaki mmoja wa gramu mia nane anatosha meza yenye sahani tano. Wewe kaa na watoto, na simu iache mezani hadi watakaporudi.

Ila hakikisha mama amechukua miwani yake ya kusomea, kwa sababu herufi zile za kilo bado ni ndogo.